Kielezi cha Kiingereza, kapu la maneno yasiyo na kwao

Chukua sentensi fupi: "Where do you live?" Mmoja anasema "where" ni kielezi cha mahali. Mwingine anasema ni kielezi cha kuuliza. Wanabishana mpaka sauti zinapanda, na wote wawili wako sahihi. Ni sawa na kubishana kama mtu fulani ni mrefu au ni mkulima. Anaweza kuwa vyote viwili, maana urefu na ukulima havipimwi kwa kipimo kimoja.

Fujo ya aina za vielezi vya Kiingereza inaanzia hapo. Orodha iliyozoeleka katika vitabu vya sarufi huanza na namna, mahali, wakati, marudio na kiwango. Hizo tano zimepangwa kwa maana. Kisha orodha ileile, bila hata kupumua, inaongeza kielezi cha kuuliza na kielezi rejeshi, ambazo zimepangwa kwa kazi ya neno katika muundo wa sentensi. Halafu vinakuja vielezi vya sentensi na vielezi unganishi, na hapo kigezo kimebadilika tena: sasa tunaangalia kinachofafanuliwa ni nini, kitenzi kimoja, sentensi nzima, au uhusiano wa sentensi mbili. Vigezo vitatu vimetiwa katika safu moja kana kwamba ni kimoja. Kwa hiyo anayeuliza "aina za vielezi ni ngapi?" hawezi kujibiwa mpaka aseme anapanga kwa kigezo kipi. Vitabu viwili vinavyotoa idadi tofauti si lazima kimoja kiwe kimekosea.

Kapu lenyewe lilikuwa limejaa tangu zamani. Wanasarufi wa Kigiriki cha kale walihesabu aina nane za maneno, na ndani ya kielezi wakaweka hata vihisishi, zile sauti za mshangao na maumivu. Warumi ndio waliovitoa na kuvifanya aina ya peke yake. Kilatini hakikuwa na neno la kubainisha nomino kama ilivyokuwa kwa Kigiriki, nafasi moja ikawa wazi, kihisishi kikaijaza na hesabu ya nane ikabaki palepale. Sarufi za mwanzo za Kiingereza zilifuata kielelezo cha Kilatini, zikarithi na kapu.

Angalia ufafanuzi tunaokariri: kielezi ni neno linalofafanua kitenzi, kivumishi au kielezi kingine. Ukiuchambua, unasema tu kwamba kielezi hufafanua chochote isipokuwa nomino. Hata hilo halishiki. Katika "the people upstairs", neno "upstairs" linafafanua watu. Katika "only you" na "almost everybody" kinachofafanuliwa ni kiwakilishi. "Very" na "quickly" yote huitwa vielezi, lakini "very" haliwezi kufafanua kitenzi peke yake. Hakuna asemaye "he very runs". "Not" limo humo. Sarufi nyingi za zamani ziliweka hata "yes" na "no". Aina yenye wanachama wasiofanana kiasi hiki haiwezi kugawanyika vizuri kwa mkato mmoja.

Kabla ya kugawa chochote, kuna jambo moja la kutenganisha, na aliyewahi kuchanganua sentensi za Kiswahili tayari analo mkononi. Kielezi ni aina ya neno. Chagizo ni kazi katika sentensi. Katika "She arrived in the morning", kundi "in the morning" ni chagizo cha wakati, lakini humo ndani hakuna kielezi hata kimoja: kuna kihusishi, neno bainishi na nomino. "She arrived last week" ina chagizo ambacho ni kirai nomino. "She came because she was worried" ina chagizo ambacho ni kishazi kizima. Mwanafunzi anayeandika kwamba "in the morning" ni kielezi cha wakati amejibu swali la kazi kwa jina la aina.

Kosa hilo limeongezewa nguvu na majina manne yanayozunguka sana: "adjunct", "subjunct", "disjunct" na "conjunct". Majina hayo yalienezwa na sarufi kubwa ya Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik ya mwaka 1985. Wenyewe waliyatumia kugawa kazi za chagizo. Kirai kihusishi kinaweza kuwa "disjunct" vilevile kama kielezi: "to be honest" na "honestly" hufanya kazi moja. Anayeyaweka majina haya katika orodha moja na "kielezi cha namna" anachanganya mboga na sufuria.

Tuangalie umbo kidogo, kwa sababu kiambishi -ly kinaaminiwa kupita kiasi. Kiingereza cha kale kilikuwa na kiambishi -lic cha kuunda vivumishi, na kilikuwa na -e ya kugeuza kivumishi kuwa kielezi. Zikiungana zinakuwa -lice. Karne zilivyopita, irabu ya mwisho ikadondoka katika matamshi. Kukatokea mambo mawili. Kwanza, "friendly" ambacho ni kivumishi na "quickly" ambacho ni kielezi vikaishia na sauti ileile. Ndiyo maana "lonely", "lovely", "ugly" na "cowardly" si vielezi hata ukiviangalia kwa jicho la huruma. Huwezi kusema "he spoke friendly"; unasema "he spoke in a friendly way". Pili, maneno kama "fast" na "hard", ambayo kivumishi na kielezi chake vilitofautishwa na ile -e tu, yakabaki na umbo moja kwa kazi zote mbili. "He drives fast" si uvivu wa lugha. Ni kielezi halali chenye umri mkubwa, na "fastly" haihitajiki.

"Hard" likapata mwenzake "hardly", na hapo watu huumia. "She works hard" ni anafanya kazi kwa bidii. "She hardly works" ni hafanyi kazi kiasi cha kutajwa. Kadhalika "late" ni kuchelewa na "lately" ni siku za karibuni; "near" ni karibu na "nearly" ni nusura. Hizo -ly hazikubeba maana ya namna hata chembe. "Hardly" ni kielezi cha kiwango, tena chenye ukanushi ndani yake, ndiyo sababu "I can't hardly hear" huhesabiwa kosa katika Kiingereza sanifu. (Kuna kundi jingine dogo la mabaki: -s ya kimilikishi cha zamani iliyoganda ndani ya "always" na "nowadays", na inayosikika hata katika "once" na "twice". "He works nights" ni ukoo huohuo. Halina aina yake katika orodha yoyote, na halihitaji.)

Sasa maana. Mahali na wakati havisumbui sana. Kinachosumbua ni namna na kiwango, kwa sababu maneno mengi hufanya kazi zote mbili. "He sings badly" na "I badly need help" yana neno lilelile. Njia ninayoipendekeza kwa msomaji wa Kiswahili ni kutafsiri na kuangalia neno linaangukia wapi. Likiangukia kwenye vi- au kwenye "kwa" na nomino, hiyo ni namna: anaimba vibaya. Likiangukia kwenye sana, mno, kabisa au kidogo, hicho ni kiwango: ninahitaji sana msaada. "She works hard" ni kwa bidii, basi namna. "It rained hard" ni ilinyesha sana, basi kiwango. "He was terribly hurt" ni aliumia mno. Kipimo hiki kina mipaka, maana tafsiri huruhusu zaidi ya njia moja, kwa hiyo kikague kwa nafasi: kielezi cha namna hupenda kukaa baada ya kitenzi na yambwa yake, kile cha kiwango hukaa mbele ya kinachopimwa. "I need help badly" nayo husemwa, kwa hiyo nafasi ni shahidi, si hakimu.

Ndani ya kiwango, "quite" linastahili tahadhari. Katika Kiingereza cha Uingereza, "quite tired" ni kuchoka kiasi, lakini "quite impossible" ni haiwezekani kabisa. Neno halikubadilika, kivumishi ndicho kilichobadilika. Uchovu una ngazi, kutowezekana hakuna, na "quite" likikuta sifa isiyo na ngazi hulazimika kumaanisha ukamilifu.

Marudio ni wakati au si wakati? Kwa maana, ni tawi la wakati, na baadhi ya sarufi huliacha humo. Lakini "often", "always", "usually", "seldom" na "never" hutengwa kwa sababu ya tabia. Hukaa katikati: kabla ya kitenzi kikuu, "he always comes", baada ya "be", "he is always late", na vitenzi visaidizi vikiwa viwili, kwa kawaida baada ya kile cha kwanza, "he has always been helped". "Yesterday" haliwezi kukaa hapo. Lakini "daily", "weekly" na "twice a month", ambayo ni marudio ya kuhesabika, hukaa mwishoni kama wakati wa kawaida. Kwa hiyo "marudio" kwa maana na "marudio" kwa nafasi si kundi moja. Swali likikutaka upange maneno katika sentensi, fuata nafasi. Likikutaka jina la aina, "daily" ni marudio bila wasiwasi.

Nimeacha makusudi kundi ambalo orodha za shule hulisahau kabisa: vielezi vya kulenga, kama "only", "even" na "just". Maana yake haibadiliki, ila kinacholengwa hubadilika. "Only Peter greeted the teacher": Peter peke yake ndiye aliyemsalimia. "Peter greeted only the teacher": wengine hakuwasalimia. "Peter only greeted the teacher": katika maandishi inaweza kumaanisha alimsalimia tu, hakufanya zaidi, au ikasomwa kama ile ya pili, katika mazungumzo mkazo wa sauti huamua. Wanaoliita "only" kielezi cha namna hawajalitendea haki. Halijibu "vipi?".

Vielezi vya sentensi ndivyo vyenye raha yake. "Wisely" linaweza kufafanua jibu au kufafanua uamuzi wa kujibu. Linganisha: "He didn't answer wisely" ni alijibu, ila bila busara. "Wisely, he didn't answer" ni hakujibu, na kutojibu kwake kulikuwa busara. Ukanushi umefika kwenye "wisely" katika sentensi ya kwanza. Katika ya pili haukulifikia. Hicho ndicho kipimo bora nilichonacho: weka sentensi katika hali ya kukanusha, kisha uangalie kama kielezi kimekanushwa pamoja nayo. Kipimo cha pili ni swali la kuchagua. "Did he answer politely or rudely?" ni swali zuri, kwa hiyo "politely" ni cha namna. "Did he arrive fortunately or unfortunately?" halisimami, kwa hiyo "fortunately" liko nje ya tendo, ni mtazamo wa anayesema.

Mkato baada ya neno la kwanza si kipimo cha kutosha. "Slowly, he opened the door" ina mkato na bado ni namna ya kufungua. "He obviously lied" haina mkato hata mmoja, na "obviously" ni la msemaji, si la mwongo. Hakusema uongo kwa uwazi.

Ndani ya kundi hili mna vijumba viwili. Kimoja ni cha vielezi vinavyohukumu habari: "probably", "fortunately", "wisely". Kingine ni cha vinavyoeleza jinsi msemaji anavyosema: "frankly", "briefly", "honestly". "Frankly, he is lazy" haidai kwamba mtu huyo ni mvivu kwa uwazi. Aliye wazi ni mimi ninayesema. Ubishi maarufu wa "hopefully" ulizaliwa hapa. Wapinzani walishikilia kwamba neno hilo ni la namna tu, "aliomba kwa matumaini", na kwamba "Hopefully, it will stop raining" haina mwenye matumaini. Lakini "frankly" nalo halina mtu aliyetajwa na hakuna aliyelalamika. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press ulikubali matumizi hayo mwaka 2012. Kwa maoni yangu ulichelewa.

Vielezi unganishi, kama "however", "therefore", "moreover", "nevertheless" na "otherwise", huchanganywa na viunganishi, na gharama yake huonekana katika alama za uandishi. Kipimo ni kuhamisha neno. "He was tired; however, he finished" inaweza kuwa "he, however, finished" au "he finished, however". Jaribu hivyo na "although" utakwama: "he finished although" haiendi popote. Neno linalozunguka ndani ya kishazi chake ni kielezi, na kielezi hakina uwezo wa kuunganisha vishazi viwili huru. Ndiyo sababu "He was tired, however he finished" ni kosa: mkato peke yake hautoshi, panahitajika nukta-mkato au nukta. Kosa hili halitibiki kwa kukariri orodha ya maneno. Linatibika kwa kuhamisha neno kila mara.

Turudi kwenye "where", kwa sababu pale mwanzoni tuliliacha likiwa na majina mawili, na kwa kweli lina matumizi manne. "Where is the key?" "I know where the key is." "The drawer where the key is." "Put it where the key is." Katika mbili za kwanza ni la kuuliza, ingawa ya pili haina alama ya swali. Ya tatu ni rejeshi. Ya nne sarufi ya kimapokeo huiita kiunganishi. Wengi huanguka kwenye ya pili, wakaiita rejeshi kwa sababu iko katikati ya sentensi.

Kiswahili kinatenganisha hizi kwa ustadi ambao Kiingereza hakina. Jaribu kuingiza "wapi". Ufunguo uko wapi? Najua ufunguo uko wapi. Zote zinakubali, basi ni za kuuliza. Ya tatu ni "droo ulimo ufunguo", wapi haiingii. Ya nne ni "uweke ulipo ufunguo"; wapi haiingii tena. Sasa kutenganisha hizo mbili za mwisho, tafuta nomino mbele yake: "the drawer" ipo, na "where" inaweza kubadilishwa kuwa "in which", basi ni rejeshi. Katika ya nne hakuna nomino ya kurejelewa.

"When" hufuata mkondo huohuo kwa neno "lini". "I don't know when he came": sijui alikuja lini, la kuuliza. "The day when he came": siku aliyokuja, rejeshi. "When he came, I left": alipokuja, kiunganishi. Kiambishi -po- na urejeshi wa nomino vinafanya kazi ambayo mwanafunzi wa Kiingereza huachiwa aibunie mwenyewe, na ni ajabu jinsi kipimo hiki kisivyotumiwa.

Limebaki eneo ambalo wataalamu wenyewe hawakubaliani. Kamusi za kawaida husema "before" ni kielezi katika "I've seen it before", kihusishi katika "before noon", na kiunganishi katika "before he came". Neno moja, maana moja, aina tatu. Sarufi ya Huddleston na Pullum ya mwaka 2002 ilikataa hilo: kitenzi "eat" kinabaki kitenzi kiwe na yambwa au kisiwe nayo, kwa nini kihusishi kibadilishwe jina kwa kukosa kijalizo? Kwao, "before" zote tatu ni kihusishi. Wakaenda mbali zaidi na kuhamisha "here", "there", "abroad" na "upstairs". Hoja yao ina uzito: "he is abroad" na "he is upstairs" ni sentensi kamili, lakini "he is quickly" si kitu. Pia "right" hukubali kutangulia "here" kama linavyotangulia "in the middle", na hukataa kutangulia "slowly". "Yesterday" na "tomorrow" wakayaweka kwenye viwakilishi, kwa kuwa yanaweza kuwa kiima, "tomorrow is Friday", na huchukua umilikishi, "yesterday's news".

Ninakubaliana nao kuhusu "before" na "upstairs". Lakini anayefanya mtihani hajibu kwa sarufi anayoikubali, hujibu kwa sarufi iliyotunga swali. Angalia majina yaliyotumika katika swali. Ukiona "kielezi cha mahali", uko katika mpango wa kimapokeo na "here" ni kielezi cha mahali.

Tupime sentensi moja yenye msongamano: "Honestly, she hardly ever works late there now, though." "Honestly" ni la msemaji, likanushe utaona haliguswi. "Hardly" halifafanui kitenzi, linafafanua "ever", na kwa pamoja ni marudio: karibu hafanyi kamwe. Angalia yalivyokaa, mbele ya kitenzi kikuu, mahali pa "seldom". "Late" ni wakati, na ni miongoni mwa yale yasiyochukua -ly. Ukiandika "lately" umebadilisha habari. "There" ni mahali kwa mpango wa kimapokeo na kihusishi kwa ule wa 2002. "Now" ni wakati, likifuata mahali kama ilivyo desturi. "Though" katika kamusi lina lebo mbili, kiunganishi na kielezi. Hapa ni kielezi unganishi tu, kwa sababu limekaa mwishoni na hakuna kishazi kinachokuja nyuma yake.